Malimbuko ya Mama Yangu

Kuna plastiki fulani ngumu, inayong'aa, wanayofungia vikapu vya zawadi. Ukiigusa inalia kama mtu anayetafuna mifupa. Mwaka ule kanisa letu la Rosettenville, Johannesburg, lilijaa plastiki hiyo kuanzia mlangoni hadi madhabahuni, siku ya Pasaka, siku ya kushukuru, na hadi leo nikiisikia dukani tumbo linanigeuka. Wenzangu huniuliza kama nina mimba. Sina mimba. Nina kinyaa.

Nieleze vizuri. Sisi ni kanisa dogo la Wakongo, wengi wetu watu wa Kivu, na tunasali kwenye jumba ambalo zamani lilikuwa gereji ya kunyoosha mabodi ya magari. Ukikaa karibu na ukuta siku ya joto bado unasikia harufu ya rangi na grisi. Tangu tulipoanza, Jumapili ya Pasaka ilikuwa pia siku ya shukrani. Kila mtu alikuja na alichonacho: mfuko wa mchele, mche wa sabuni, kuku aliyefungwa miguu. Unapita mbele ukicheza kidogo, unasema maneno yako mawili, "niliumwa nikapona", "mtoto alipotea akarudi", unaweka kitu chako chini, unarudi kukaa. Jioni vitu vile vilipelekwa kwa wagonjwa na wajane. Basi. Hakuna aliyepiga picha, na hakuna aliyeuliza kuku wa nani ni mnene zaidi.

Kisha kamati ya akina mama ikapata mwenyekiti mpya. Ni mwanamke mwenye saluni, mwenye sauti, na mwenye simu ambayo haitoki mkononi hata wakati wa sala. Yeye ndiye aliyekuja na shindano la meza. Kila kikundi cha maombi kiandae meza ya shukrani, meza ipambwe kwa rangi yake, waamuzi watatu wapite na karatasi na kalamu watoe alama, na meza bora ipewe zawadi. Zawadi yenyewe ni blenda. Kristo amefufuka, na wewe umepata blenda! Siku alipotangaza hayo, wanawake walipiga vigelegele mpaka mabati yakaitikia. Mimi niliguna tu. Mama yangu, aliyekaa kando yangu, aliniuliza kwa sauti ya chini waamuzi watakuwa wanaamua nini, nikamwambia sijui.

Mama alikuwa amekuja kutoka Bukavu miezi sita kabla, kwa basi baada ya basi, na alikuwa amekuja kwa jambo moja tu.

Miaka mitano nyuma, kidole tumbo kilinipasukia nikiwa nimeinamia cherehani. Nililala hospitali wiki sita. Walinifungua tumbo mara tatu, na mara ya tatu daktari aliwaambia wanawake wa kanisa kwamba kama nina ndugu, wapigiwe simu. Wakampigia mama. Yeye hakuwa na pasipoti, wala nauli, wala mtu wa kumsindikiza. Alikuwa na shamba lake kilimani na magoti yake. Alipiga magoti, akaweka nadhiri, na alinisimulia nadhiri hiyo jioni ya kwanza alipofika, kabla hata hajavua viatu.

"Nilimuambia Mungu: ukinirudishia ule mutoto, nitakuya kwenye iko. Nitalima kintu na mikono yangu mwenyewe mu ule udongo wa kwao. Nitakibeba ku kichwa mpaka mbele ya bale batu balimuombea. Na nitakushukuru na kinywa changu, siku ya Pasaka."

Ndivyo ilivyokuwa nadhiri yake, haina pungufu wala nyongeza. Ilimchukua miaka mitano kupata safari, na kibali walichompa kilikuwa kinaisha wiki moja baada ya Pasaka. Kwa hiyo ilikuwa ni Pasaka hiyo au hakuna tena. Mama yangu ana umri wa miaka sabini na kitu. Hakuna mtu aliyehitaji kumfanyia hesabu.

Nyuma ya nyumba tunayopanga kuna kipande cha ardhi kisichozidi vitanda vitatu. Mwenye nyumba, bibi mmoja wa Kireno, alikuwa akiotesha sukuma wiki pale mpaka mgongo ulipomshinda. Mama akamwomba kwa ishara za mikono. Bibi akamletea jembe. Mvua za Novemba zilipoanza, mama alipanda maharagwe aliyokuja nayo kwenye pindo la kitenge, akayapalilia, akayazungushia vijiti, akawafukuza paka. Sijawahi kuona mtu akiyatazama maharagwe namna ile. Alikuwa akitoka asubuhi na kikombe cha chai, anasimama, anayaangalia tu, anarudi ndani.

Na Johannesburg ilimpendeza kwa jambo moja ambalo mimi, katika miaka yangu yote hapa, nilikuwa sijaliona. Huku Pasaka inakuja majani yakipukutika, asubuhi ina baridi, mahindi yamekauka kwenye mabua. "Hapa Pasaka iko siku ya mavuno," aliniambia, akafurahi kana kwamba mji umepangwa hivyo kwa ajili yake. Machi aliyavuna maharagwe yake, akayapura juu ya gunia, akayapepeta, akachagua moja moja. Yakajaza beseni dogo la bati, maharagwe mekundu yenye madoa, ya kwetu. Nikamwambia tuonje kidogo na ugali. Alinitazama kana kwamba nimetukana. Malimbuko hayaonjwi. Kwetu mtu hali mavuno ya kwanza kabla Mungu hajapewa chake, na akila, kinachomwingia tumboni ni wizi.

Sasa, karakana yetu ya kushona. Ni chumba cha ghorofa ya pili kule Doornfontein, cherehani nne na pasi moja, na dirisha linalotazama wanafunzi wa chuo wakingoja robot, yaani taa ya barabarani, iwe kijani. Wiki mbili kabla ya Pasaka wanawake wa kanisa walinivamia kama nzige. Kamati ilikuwa imeamua kila kikundi kishone sare, na fundi wao ni mimi. Huyu anataka mkono wa puto, yule anataka mgongo wazi. Mgongo wazi, kwenye baridi ile, ili Mungu aone nini? Walipima, wakajigeuza mbele ya kioo, wakateta juu ya viuno vya wenzao waliotoka dakika ile ile. Mmoja alinililia machozi ya kweli kwa sababu kitenge chake kilipungua na ua kubwa halikukaa katikati ya kifua. Nilikuwa na pini mdomoni, na ninashukuru kwa zile pini, maana ndizo zilizonizuia kusema.

Mwenyekiti naye alikuja kupima. Akanyoosha mikono kama mti wa kutundikia nguo, akaniuliza meza ya kikundi chetu itakuwa na nini. Nikamtajia: keki, mananasi, samaki. "Na mama yangu ataleta maharagwe," nikasema. "Aliyalima mwenyewe."

"Maharage?" Pua ikakunjika. "Mu nini?"

"Kwenye beseni."

"Eish, mama! Tutakuwa ku simu laivu. Batu ba Canada bataangalia, ba Australia bataangalia. Siku ya shukrani haiko siku ya kuonyesha umaskini wetu."

Ningeweza kumwambia mengi. Ningeweza kumwambia kwamba kutoa ni moyo, si utajiri, usemi ambao hata mtoto wa shule anaujua. Ningeweza kumchoma pini ubavuni nikasema ni bahati mbaya. Nilichosema ni "Tutaona", ambalo ni neno la waoga, nikaendelea kupima kiuno chake.

Maneno yake yalinichukiza, na yaliniingia. Hayo ndiyo yanayonitia kichefuchefu nikikumbuka: kwamba kitu kinaweza kukuchukiza na bado ukakimeza. Usiku wote ule, na siku zilizofuata, niliona beseni la bati la mama limekaa katikati ya meza za dhahabu na fedha, na macho ya wanawake ishirini yakilitazama kisha yakinitazama mimi. Nilijiambia ninamwonea mama huruma, wasije wakamcheka. Nilijidanganya vizuri sana. Fundi wa nguo anajua kuficha mshono.

Jumamosi ya kati, Ijumaa Kuu imepita na Pasaka bado, nilimwacha mama nyumbani akifunga, nikaenda Fordsburg. Yeye alikuwa hajala tangu Alhamisi jioni, anakunywa maji tu. Mimi nilizunguka maduka ya jumla nikitafuta utepe wa dhahabu. Nilinunua kikapu kikubwa, karatasi zilizokatwakatwa za kujaza chini ili matunda yaonekane mengi, matofaa yenye vibandiko, zabibu, machungwa, nanasi moja lenye majani mazuri. Na plastiki. Mzee wa dukani alinifungia mwenyewe, akavuta utepe kwa makali ya mkasi mpaka ukajikunja. Akasema ni kizuri sana, hongera. Nikamshukuru. Nilificha kikapu kwa dada mmoja wa kikundi chetu anayekaa karibu na kanisa.

Asubuhi ya Pasaka mama alioga kabla ya jua. Sare hakutaka, alisema nadhiri yake haikuwa na sare. Alivaa kitenge chake cha zamani kilichofuliwa mpaka kikawa laini, akajifunga kilemba, akasokota ngata, akajitwika beseni. Tulitembea mitaa mitatu. Nilimwambia anipe nimsaidie, akakataa kwa kichwa kilichonyooka. Mwenye nyumba alikuwa getini na koti juu ya nguo za kulalia, akitoka kuchukua maziwa. Beseni lilipompita alisimama, akafanya ishara ya msalaba.

Kanisani harufu ilitupokea kabla ya watu. Manukato ya aina kumi, kuku wa kukaanga, sombe ya majani ya muhogo, mafuta yaliyotumika mara nyingi, na juu ya yote samaki wa chumvi tunaowaita makayabu, walioanza kutoa jasho chini ya taa za kamera. Meza zilikuwa saba. Kwenye moja kulikuwa na keki ya umbo la kaburi, na jiwe lake la sukari limeviringishwa pembeni. Kwenye nyingine juisi nyekundu ilikuwa inamwagika kutoka kwenye mtambo mdogo wa umeme, na kadi imeandikwa "Damu ya Mwokozi". Nasema nilichoona. Na kwenye meza ya kikundi cha mwenyekiti kulikuwa na kichwa cha mbuzi kilichochemshwa, kimevalishwa miwani ya jua, na ua la plastiki limebandikwa mdomoni. Nzi mmoja alikuwa anatembea juu ya kioo cha miwani. Watoto waliopita karibu walipigwa vibao vya mikono: usiguse, bado hatujapigwa picha. Watoto wenyewe hawakuwa wamekula asubuhi.

Hapo mlangoni nilimwambia mama, "Lete nikupokee, pumzisha shingo. Zamu yetu ikifika nitakupa." Aliniamini. Akainama kidogo, nikalishusha beseni kichwani mwake, nikalipeleka nyuma jikoni, nikaliweka chini kando ya ndoo, nikarudi kukaa.

Mahubiri yalikuwa mafupi kuliko siku zote, maana chakula kilikuwa kinapoa. Mchungaji alisema ufufuo mara mbili na meza mara tisa. Kisha vikundi vikaanza kupita. Muziki, vumbi, akina mama wakicheza huku wakiangalia kamera badala ya kuangalia wanakokwenda. Shukrani zilisomwa kwenye karatasi: tunamshukuru Mungu kwa nyumba mpya ya fulani, gari jipya la fulani, na fulani ahsante kwa kutununulia taa. Nilikaa nikiwadharau wote, mmoja baada ya mwingine, kwa raha kabisa. Nyani haoni kundule.

Zamu yetu ilipotangazwa, yule dada alinipa kikapu, nami nikakiweka mikononi mwa mama. Aliruka kidogo, plastiki ilivyolia.

"Hii nini?"

"Ni shukrani yako, mama. Twende."

"Maharage yangu iko wapi?"

Muziki ulikuwa mkubwa. Watu walikuwa wanatusukuma kutoka nyuma. Nilimwinamia na kumwambia, "Yamo ndani, chini ya matunda. Yamefungwa vizuri."

Nilimdanganya mama yangu kanisani, siku ya Pasaka, upande wa sikio lake baya ambalo humfanya aitazame midomo ya mtu anaposema. Aliitazama midomo yangu. Akatikisa kichwa kukubali, akakikumbatia kikapu kifuani kwa sababu hakikuweza kukaa kichwani, akatangulia.

Alipofika mbele aliomba kipaza sauti. Haikuwa kwenye ratiba. Mwenyekiti alisogeza simu karibu kwa sababu mzee akilia kwenye video watu hupenda. Lakini mama hakulia. Alisimama wima akasema jina la Mungu, kisha akasema habari za hospitali na tumbo langu, na namna alivyopiga magoti. Alisema kila neno la nadhiri kama alivyoniambia. Mpiga kinanda akaondoa mikono kwenye kinanda. Kwa mara ya kwanza siku ile kulikuwa na shukrani ndani ya jumba lile, na mimi nilijua kilichobaki.

"Nimekuya nayo," mama akasema. "Angalieni."

Akaweka kikapu sakafuni, akachuchumaa, akaanza kufungua. Utepe ulimshinda akautoa kwa meno. Plastiki ililia kwenye kipaza sauti alichokuwa amekilaza kando. Akatoa nanasi, akaliweka chini. Akatoa matofaa moja moja, bila haraka, akayapanga. Zabibu. Machungwa. Kila tunda aliliweka pembeni kwa adabu, kama mtu anayesogeza vyombo vya watu ili afikie chake. Watu walikuwa bado wanatabasamu. Mkono wake ukafika kwenye zile karatasi zilizokatwakatwa, akazipekua upande huu na upande ule, akazitoa zote, nyepesi, zikamshika mikononi na kwenye kitenge. Akakigeuza kikapu akakitikisa.

Kisha akanitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa anauliza tu, kama bado kuna mahali nimesahau kumwonyesha.

Niliangalia chini, kwenye pindo la sare yangu. Akaelewa. Aliyarudisha matunda yote ndani ya kikapu, kwa mpangilio ule ule, akasimama kwa kushika goti.

"Hii haiko yangu," alisema, na akarudi kukaa.

Mchungaji akasema haleluya, mpiga kinanda akaanza wimbo mwingine, na meza iliyofuata ikaitwa. Baadaye waamuzi walisoma alama. Kikundi chetu kilikuwa cha pili. Wenzangu walinikumbatia wakaniambia kikapu kile ndicho kilichotubeba.

Nilikimbilia jikoni. Beseni nililiona mara moja: limejaa miguu ya kuku ndani ya maji ya damu. Aliyekuwa akipika aliniambia alihitaji chombo, alikuta vimaharagwe vya mtu, akavimwaga nje. Alidhani ni vibovu, kwa sababu vilikuwa na madoa. Hakukosea kuliko mimi, kwa hiyo sikumwambia kitu.

Nje, nyuma ya jumba, palikuwa na magunia ya takataka yameegemea ukuta. Pasaka ya kanisa zima ilikuwa imeanza kuingia mle. Nilifungua la kwanza. Wali mkavu, maganda, utumbo wa kuku, manyoya yaliyolowa, sahani za karatasi zenye vipande vya nyama ambavyo mtu alivionja mara moja akaviacha. La pili ndilo lenyewe. Maharagwe yalikuwa katikati, mengine yamezama kwenye mafuta, mengine yameshikwa na utumbo. Nilipiga magoti kwa gauni langu la dhahabu nililoshona kwa mikono yangu, nikaanza kuokota. Harufu ilinipanda mpaka machoni. Nilitapika mara moja, pembeni, nikarudi. Nilikuwa nimekaa mwaka mzima nikiona watu wananuka, na sasa nilikuwa nimeingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, na kila haragwe nililolishika mle ndani nililipeleka mwenyewe.

Mwenyekiti alitoka na simu yake. Akasimama. "Unatafuta nini huko, mama? Pete?"

"Maharagwe ya mama."

Nilingoja acheke ili nipate kumchukia vizuri. Badala yake aliweka simu juu ya ukuta, akavua bangili, akakunja gauni lake kati ya magoti, akachuchumaa kando yangu. Aliokota kwa kucha zake ndefu, akilalamika bila kupumzika: kwamba ungeniambia iko nadhiri, ningekupa meza yako peke yako, ningeiweka pale mbele kabisa, na taa. Hakuwa ameelewa chochote. Lakini alivyokuwa akiingiza mkono kwenye uchafu bila kugeuza uso, nilikumbuka. Kule hospitali, wakati siwezi kunyanyuka, mwanamke aliyekuwa akija kila jioni kumwaga beseni la matapishi yangu na kunifuta kwa maji ya moto alikuwa yeye. Hakuwa mwenyekiti wakati huo. Hakuwa kitu. Nilikuwa nimemsahau pale nilipoweza kusimama.

Tulipata nusu bakuli. Nilimwambia asante, ikatoka kavu, miaka mitano baadaye. Akasema sharp, hakuna shida, akachukua simu yake akaingia ndani.

Jumatatu ya Pasaka niliyaosha maharagwe maji manne, na sabuni, na chumvi. Bado yalinuka kidogo. Basi la mama lilikuwa la Alhamisi. Jumapili nyingine asingeiona hapa. Nilimkuta jikoni amekaa kwenye kigoda, nikaweka bakuli mbele yake, nikapiga magoti kama tunavyofundishwa. Nikamwomba msamaha. Nikasema nitamleta mchungaji hapa nyumbani, tufanye ibada hata ya watu watatu, nadhiri yake itimie kabla hajasafiri. Niliongea sana. Aliniacha niongee mpaka nikaishiwa.

"Pasta akuye kufanya nini?" aliuliza. "Mimi nilisema nitalima, nililima. Nilisema nitabeba ku kichwa, nilibeba. Nilisema nitashukuru na kinywa, nilishukuru. Mungu haiko kipofu. Yangu iliisha."

Nikashusha pumzi. Nilidhani nimesamehewa, na labda nilikuwa nimesamehewa. Lakini alikuwa bado ananitazama, na midomo yangu.

"Mimi nilikuya kushukuru juu yako," alisema. "Miaka tano. Wewe ulimushukuru siku gani?"

Lilikuwa swali la kawaida. Hakuliuliza kwa ukali. Nikaanza kutafuta. Siku niliyotoka hospitali nilikuwa na hasira kwa sababu walinipotezea viatu. Siku nyuzi zilipotolewa nililalamika kwamba kovu limekaa upande, mshono mbaya, mimi ningeshona vizuri zaidi. Pasaka ya kwanza nilikuwa na kazi nyingi. Ya pili nilichukizwa na kwaya. Ya tatu na ya nne nilikaa nyuma nikihesabu makosa ya pindo za watu. Wale wote niliowadharau jana, wenye magari mapya na kichwa cha mbuzi chenye miwani, walau walikuwa wamesimama. Mimi sikuwahi kusimama. Nilikuwa nimeiacha shukrani ya uhai wangu kwa mwanamke mzee kilimani Bukavu, na alipoivusha nchi zote zile kuniletea, nikaiweka kando ya ndoo.

Nilitafuta siku moja tu niliyomshukuru. Nikatafuta hata nusu ya siku. Mama akachukua ufagio, akatoka kwenda kufagia majani uani, akaniacha pale chini na maharagwe yangu.